Ua Lililoingia Chumbani Bila Hodi

Oliver Nyamhanga,
Karani Mstaafu wa Mizani ya Miwa,
Uriri, Kaunti ya Migori.

Kwa Afisa wa Kilimo wa Wadi,
Uriri.

Kwako Madam Shamima,

KUH: OMBI LA SERIKALI KUNIONDOLEA MAUA YALIYOMFUKUZA MKE WANGU NA SASA YANATAKA KUNIFUKUZA NA MIMI

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini ukiwa mzima na mwenye nguvu, maana nguvu utazihitaji. Mimi ni mzima kiasi.

Unanikumbuka. Ni mimi yule mzee wa koti la kijivu niliyesimama kwenye baraza lako la wakulima mwezi wa nne. Ulikuwa unafundisha habari za viwavi wa mahindi, nikainua mkono nikakuuliza swali la maua, na watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwa benchi. Leo hawacheki. Maua yamefika kwao.

Nimepima miwa ya watu maisha yangu yote na nimezoea kupanga mambo kwa nambari. Nitapanga malalamiko haya kwa nambari pia, ili ukiyapeleka kwa wakubwa wako usihangaike kuyaandika upya. Lakini kwanza ujue shida yenyewe ni ipi, nisije nikaonekana mzee anayepoteza wino. Mke wangu Helen, ambaye hapa kijijini wanamwita Nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul, kwa sababu kwao ni pande za Oyugis, yuko kwa kaka yake tangu mwezi wa tatu. Tuligombana juu ya ua. Si juu ya mwanamke mwingine, wala si juu ya pombe. Mimi hata soda huwa nainywa nusu. Ua! Nataka liondoke ili yeye arudi. Hilo ndilo ombi langu lote, na mengine yaliyobaki ni ushahidi.

1. Mmea huu uliingia kwangu kwa njia ya magendo. Mwaka juzi Helen alikwenda harusi Awendo, akarudi na kipande cha mche wa urefu wa kidole, kimefungwa kwa hanchifu iliyolowa, ndani ya mkoba, kando ya keki. Nikamuuliza kama ni mboga. Akasema si mboga. Ni dawa? Si dawa. Mbuzi wanakula? Hawali. Nikamuuliza sasa kazi yake ni nini, akaniangalia vile huwa ananiangalia, akasema kazi yake ni kupendeza. Madam, nimesoma matangazo ya kazi tangu nikiwa kijana na sijaona hata siku moja nafasi ya namna hiyo.

Akaupanda chini ya nguzo ya baraza. Maji ya kusuuzia vyombo, yale ya mwisho yaliyo safi, akawa anaumwagia. Mimi nikiomba maji ya kunawa naambiwa ningoje. Mmea ukatambaa. Ukapanda nguzo, ukashika mfereji wa paa, ukaingia tangi, na tukaanza kunywa chai yenye maua ya zambarau yanaelea juu. Baadaye ukafunika dishi la televisheni. Timu yangu ilipata penalti, mpigaji akarudi nyuma apige, picha ikaganda hapo hapo, na mpaka leo mimi sijui kama mpira uliingia. Watu wananiambia uliingia, lakini watu husema mengi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu nilimpa jembe. Nililima pembeni yake pote, na jembe hilo ndilo lililomnenepesha.

2. Malalamiko haya ya pili yanahusu ofisi yako, na naomba usikasirike. Mwezi wa tatu, Helen akiwa ameenda soko, nilichukua panga nikaukata ule mmea wa barazani kuanzia chini mpaka pale mkono wangu ulipofika. Niliukata vipande vidogo vidogo vya kiganja, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu. Halafu mwezi wa nne wewe ukaja na kipaza sauti kutuambia kwamba mimea ya kutambaa haikatwi vipande ikatupwa, kwamba kila fundo la shina hutoa mizizi, kwamba inang'olewa na mzizi wake, inaanikwa juani mpaka ikauke kabisa, ndipo ichomwe. Ushauri mzuri sana, mwanangu. Samahani, Madam. Lakini tazama miezi hiyo. Mimi nilikata wa tatu, wewe ukashauri wa nne. Ushauri ulichelewa, na ushauri ukichelewa kosa ni la ofisi, si la mwananchi.

Vipande vile nilikuwa nimevipakia kwa wilbaro nikavirusha juu ya trela ya miwa iliyosimama barabarani, dereva akiwa ameshuka kununua ndizi. Nia yangu ilikuwa safi. Niliwaza vitaenda kusagwa huko viendako viishe. Nilisahau barabara yetu. Kila penye shimo trela iliruka, na kila iliporuka vipande vikaanguka. Sasa ukitoka hapa kwenda Awendo utaona maua ya zambarau kila penye shimo, na vijana wa boda wananishukuru kwa sababu siku hizi wanayaona mashimo kutoka mbali. Ukifikiri vizuri utakubali kwamba kosa hapa ni la wale wanaopaswa kuziba mashimo. Bila shimo hakuna ua. Naomba uwaandikie.

Na kwa kuwa uko hapo, uandike na hili. Helen aliporudi kutoka sokoni alisimama barazani na kikapu kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na majibu yangu nilikuwa nimeyapanga. Hakupiga kelele. Aliitazama ile nguzo iliyobaki uchi, akateremsha kikapu, akaokota ua moja lililokuwa limeanguka chini, akaingia nalo ndani. Asubuhi akavaa nguo ya kanisani siku isiyokuwa ya kanisa, akaenda stendi. Mimi nilifikiri ameenda kusalimia watu. Mtu akikupigia kelele unaweza kumjibu. Sasa huyu aliyenyamaza, utamjibu nini? Hilo ni lalamiko kamili, lakini kwa kuwa lilitokea siku ile ile nimeliweka chini ya nambari mbili.

3. Mmea umevamia majirani. Mama Orpah, ambaye shamba lake linapakana na langu upande wa kisima, alikuja hapa mikono kiunoni akilia, Yawa, Baba Bhoke, huyu mtoto wako amelala juu ya sukuma wiki yangu! Nikaenda kuona. Kweli alikuwa amelala, tena kwa raha. Nikamwomba Mama Orpah radhi kwa ajili ya mboga zake, na yeye badala ya kupokea radhi akaniambia kwamba sukuma wiki ikikatwa inaota tena, lakini bibi ya mtu haoti, kwa hivyo niende Oyugis. Sikuwa nimemuuliza habari za Oyugis. Nilikuwa nimekuja kwa mambo ya sukuma.

Kibaya zaidi ni jina. Ua hilo Helen alijua jina lake la kitaalamu, akaondoka nalo. Watu hapa hawakuwa na la kuliita, basi wakaliita Nyamhanga. Juzi niko dukani nanunua sukari, nasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba Nyamhanga ameingia chooni kwake na amekataa kutoka. Mwenzake akasema afadhali huyo, wa kwake alimchoma moto na baada ya mvua akaota tena. Haki ya Mungu, Madam, mimi ni mzee wa kanisa!

4. Usalama wa umma uko hatarini. Hapa nazungumzia ua la pili, dogo, la buluu, ambalo Helen alilileta ili lile la kwanza lisikae peke yake. Hili halitambai. Hili linapiga risasi. Lina maganda membamba ya mbegu yanayokaa kimya kabisa wakati wa kiangazi, lakini tone la maji likiyagusa yanapasuka na kurusha mbegu, pa! pa! pa! kama bisi kwenye sufuria.

Waumini wenzangu walikuja hapa kuombea nyumba yangu. Tuliweka viti bustanini, meza, chapati, kila kitu. Mchungaji akaanza vizuri, akaombea mahindi, akaombea wagonjwa, akafika kwa Helen, akiwa anamwambia Mwenyezi Mungu afungue njia ya kutoka Oyugis kuja Uriri, na hapo hapo mvua ikashuka. Bustani yote ikalipuka. Mtu akapiga ukelele kwamba ni bunduki. Shemasi akajitupa chini ya meza, na sahani ya chapati akaenda nayo. Mchungaji tulimpata kwa Mama Orpah.

Sasa fikiria jambo hili kwa makini. Maombi yale yalianza lakini hayakumalizika. Hakuna aliyesema Amina. Yako wazi mpaka leo, kama barua isiyotiwa sahihi, na mimi ninaamini kwamba hiyo ndiyo sababu Helen hajarudi. Huko juu wanangoja tumalize sentensi. Mchungaji nimemwomba arudi aifunge, akasema atakuja kiangazi.

5. Liko la tatu, linabadilika rangi. Leo zambarau, kesho kutwa jeupe, kwenye kichaka kimoja. Nilipokwenda kituoni kuripoti, askari aliniuliza rangi ya mshukiwa, nikasema zambarau. Alipokuja kuthibitisha, lilikuwa jeupe pe. Akaniangalia kama mtu aliyemdanganya askari. Nikamwambia asubiri machipukizi mapya, atajionea mwenyewe. Hakusubiri.

6. Hapa naomba usome polepole na usimpe karani asome.

Dirisha la chumba chetu cha kulala halifungi vizuri, kitasa chake kilivunjika zamani. Yule wa kwanza, yule wa kutambaa, ameingia kwa dirisha hilo. Bila hodi! Amepita juu ya sanduku, ameshika mguu wa kitanda, amepanda, na sasa amejinyoosha ukutani upande wa Helen. Amechanua pale pale palipokuwa mto wake. Maua yake hufunguka mapema na kujifunga jua likipanda, kwa hivyo nikiamka nakuta yameshafunguka. Helen naye alikuwa hivyo. Sijawahi kumtangulia kuamka tangu tuoane.

Siku moja nilimsalimia huyu wa ukutani kwa bahati mbaya. Nilikuwa na usingizi. Nilimuuliza ameamkaje, na nikangoja.

Tawi hilo sijalikata. Usije ukafikiri ni huruma. Panga ni butu na tupa ya kulinolea sijapata.

7. Sasa jambo la gunia, ambalo limepotoshwa sana na watu wasiokuwepo. Mwezi wa tano, mvua ikiwa imekolea, mmea wa barazani ulikuwa umerudi mara mbili ya ulivyokuwa. Hasira ikanishika. Safari hii nikafuata ushauri wako, nikang'oa na mizizi yake, gunia likajaa, mengine yakabaki, nikalishona mdomo. Ulisema tuanike juani. Jua lilikuwa wapi, mwezi wa tano? Nikawaza, mimi nimeteseka na mali ya mtu, na mwenye mali yupo, anajulikana, ana kwao. Kwa nini asipelekewe?

Hemed, yule anayeuza leso na mashuka hapa mjini, huenda Oyugis na pikapu yake siku ya soko. Nikampa gunia ampelekee Omondi, kaka yake Helen, na ujumbe mfupi tu: mali ya dada yako hii hapa. Hemed ni mtu mpole, hasemi ovyo. Aliniuliza, Mzee, una hakika? Nikasema nina hakika. Akaenda kuswali, akarudi, akaniuliza tena. Nikamwambia mwenye gunia ndiye mwenye hakika, yeye aendeshe gari.

Mimi nilimaanisha magugu, Madam. Lakini huko ukweni, na nakiri hata kwetu Wakuria, nami ningekumbuka kama si hasira, mume akimpelekea mke vitu vyake kwao, maana yake amemaliza. Hakuna haja ya maneno. Mwiko ukitumwa, sufuria ikitumwa, hata leso moja ikitumwa, kitu hicho chenyewe kinasema usirudi. Hemed anasema alipolishusha tu, Omondi alituma watu waite wazee. Gunia likawekwa katikati ya boma, wazee wakaketi wakilizunguka kama wanaokesha msiba. Hakuna aliyelifungua. Helen alitoka jikoni, akaliangalia, akarudi jikoni. Hemed akawasha gari akaondoka, kwa sababu alihisi ni yeye ameleta talaka, na yeye alikuja kuuza mashuka.

Kwa hivyo nilituma magugu, wao wakapokea talaka. Tangu hapo simu ya Helen inaita mpaka inakatika. Bhoke, binti yetu aliye Kisumu, ananipigia kila wiki kuniambia, Baba, si uende tu umchukue? Vijana wa siku hizi wanafikiri mambo ni mepesi. Nikienda mimi mwenyewe kwa miguu yangu, nitakuwa nimekubali kwamba nilikosa. Nami nilikosa nini? Nilikata majani.

8. Sasa tujumlishe, kama tulivyokuwa tukijumlisha kwenye mizani. Huyu anakaa kwangu. Analala kitandani kwangu. Anatumia jina langu madukani. Ametembelea majirani, amesafiri mpaka Awendo, kanisa limekutana kwa sababu yake, na wakwe zangu wamemkalia kikao cha wazee, jambo ambalo mimi mwenyewe nililingoja miaka wakati wa posa. Kwa hesabu yoyote ile, huyu si mmea tena. Ni mtu wa nyumba yangu. Na kama ni mtu, serikali haiwezi kuniambia tena kwamba ni mambo ya bustani. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Apewe kitambulisho, ili niweze kumshtaki. Nimeambiwa mahakama haiandiki kesi dhidi ya asiyekuwa na jina na nambari. Jina analo tayari, la kwangu. Tahadhari tu, akipewa kitambulisho atapata na kura, na kwa wingi wa mafundo yake anaweza kunyakua kiti cha wadi bila hata kampeni. Waheshimiwa waanze kunisikiliza mapema.

(b) Mlete watu wenye pampu na dawa kali, wanyunyize kuanzia kwangu, wapite kwa Mama Orpah, waende shimo kwa shimo mpaka Awendo. Lile tawi la chumbani waliache. Hilo nitalishughulikia mimi nikipata tupa.

(c) Ofisi yako imwandikie Helen barua rasmi kumwamuru arudi Uriri mara moja kuja kuondoa mali yake. Barua iwe na mhuri. Mhuri uwe mkubwa, na usipigwe kwa wino uliofifia kama ule wa barua za mbolea. Asiambiwe ni mimi niliyeomba. Aambiwe ni sheria.

(d) Ikiwa sheria hiyo haipo, basi nipewe mtu wa serikali wa kunisindikiza mpaka Oyugis, awe na sare. Mume akienda peke yake amejishusha. Lakini mume aliyesindikizwa na serikali yuko kazini, na mtu akiwa kazini hawezi kulaumiwa. Nikifika hapo nitajua la kusema. Au atasema yeye.

Nakusihi usichelewe. Nyumba hii ni kubwa, Madam. Zamani nilikuwa nalalamika ni ndogo. Chai bado napika ya watu wawili kwa mazoea, na kikombe kimoja kinapoa kila siku mbele yangu mpaka namwagia kuku. Sitaki huruma yako, nataka pampu. Lakini nimechoka, na niliona bora hilo nalo nikuambie wazi.

Wasalimie wote hapo ofisini: dereva wako, yule kijana wa mbegu, na yule karani wa mlangoni anayeniambia umeenda semina kila nikija, na mimi nasikia sauti yako ndani. Ukifika nyumbani uwasalimie wazazi wako pia, uwaambie wamekulea vizuri isipokuwa kwa upande wa kuchelewa. Nawasalimu waliocheka kwenye baraza, kila mmoja na ua lake.

Ni mimi raia wako mtiifu, ambaye bado yumo ndani ya nyumba yake ingawa haonekani kutoka barabarani,

Oliver Nyamhanga
(si yule anayeota)

Nakala kwa:
Chifu, kwa hatua.
Mchungaji, kwa Amina.
Mama Orpah, kwa habari tu, na asinijibu.
Omondi, Oyugis, ila asisome nambari sita.

TANBIHI

Madam, nilikuwa nafunga bahasha Omondi akanipigia simu. Hakusalimu. Aliniambia kwamba ua langu limepanda ghala lao, limeangusha kamba ya nguo, na juzi lilimfungia mzee mmoja chooni mpaka akatolewa kwa panga. Anasema wazee wamekaa tena na wameona jambo hili limewashinda, na kwamba aliyelituma lazima aje mwenyewe aliondoe. Asitume mtu.

Nikamfokea. Nikamwambia gunia nililituma likiwa limeshonwa mdomo, kila mzizi uko ndani, kama limeota ni wao wamelipanda, na ni mpumbavu gani anayepanda talaka? Aliniacha nimalize. Halafu akasema si wao. Ni Helen. Siku ile ile, wazee wakiwa bado hawajamaliza uji, alilikokota lile gunia mpaka nyuma ya nyumba, akalikata uzi, akachukua jembe. Wakamwambia hiyo ni aibu, mwanamke hapandi alichotupiwa. Akawajibu kwamba yeye anamjua mume wake kuliko wao. Mtu aliyemaliza na mke, alisema, hawezi kung'oa ua na udongo wake wote ukiwa umeshika mizizi. Na jana, Omondi anasema, Helen aliuliza hivi hivi tu, huku akichambua mchicha bila kumtazama mtu, kama yale ya Uriri nimeyamaliza yote.

Nimemwambia Omondi amwambie bado. Kisha nikamwambia nakuja.

Kwa hivyo mambo yote niliyoandika hapo juu yachukue kama insha. Dawa msilete. Nikimwona mtu na pampu karibu na baraza langu tutaonana mahakamani. Mashimo ya barabara nayo yaacheni kidogo, yanapendeza.

Ila naomba jambo moja, na hili ni la leo leo. Nahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka Migori kuingia Homa Bay, mbuzi mmoja, beberu mwekundu, maana mkono mtupu haulambwi. Najua hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo wa mlango wa pili, lakini wewe tumeshazoeana. Nitakuja kukichukua mwenyewe, hata wakiniambia umeenda semina. Na uandike cha kwenda tu. Wakati wa kurudi sitakuwa na mnyama, nitakuwa na mke wangu, na yeye sidhani kama anahitaji kibali.